Zaburi Ndani ya Mizani Nane: Mnyampala na Tatizo la Umbo

Mwaka 1963 Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917, alichapisha *Utenzi wa Enjili Takatifu*. Mwaka 1965 ukafuata *Utenzi wa Zaburi*. Wahakiki wetu humtaja zaidi kwa ngonjera na kwa uongozi wake katika UKUTA. Tenzi hizi mbili huachwa kando, kana kwamba ni kazi za ibada zisizoihusu nadharia ya ushairi. Makala haya yanazichukulia kama hoja ya kihakiki kuhusu umbo la maandiko ya Biblia, na yanashikilia kwamba hoja hiyo ina nguvu kwa Injili na ina kasoro kwa Zaburi.

Kuhusu Injili hakuna mengi ya kusema. Injili ni simulizi, na utenzi umebeba simulizi za manabii na za vita kwa karne kadhaa. Mnyampala alipita njia iliyokwisha kukanyagwa.

Zaburi ni jambo jingine. Tangu Robert Lowth alipochapisha mihadhara yake ya Oxford mwaka 1753, wataalamu wengi wamekubali kwamba nguzo ya ushairi wa Kiebrania ni usambamba: kauli hutolewa, kisha nusu ya pili huirudia kwa maneno mengine, huipinga, au huisogeza mbele. Kinachoitikiana ni maana. Vina si sharti. Mswahili si mgeni wa mbinu hii. Methali "Vita vya panzi, furaha ya kunguru" haina kina, wala vipande vyake havilingani, kwani cha kwanza kina silabi tano na cha pili saba. Hata hivyo hakuna anayeisikia kama nathari. Vita vimepambanishwa na furaha, panzi na kunguru, na hapo ndipo umbo lake lilipo.

Isitoshe, sarufi ya Kiswahili inausaidia usambamba kwa namna ambayo wahakiki hawajaizingatia vya kutosha. Kama Kiebrania, Kiswahili hufunga mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, hivyo nusu-mstari wa maneno matatu huweza kubaki na maneno matatu hata baada ya kutafsiriwa. Zaidi ya hayo, upatanisho wa ngeli huleta mwangwi wa bure. Nikisema, kwa mfano wa kujitungia, "Mito imekauka, miti imenyauka", sijatafuta kina. Ngeli na kauli ya kitenzi vimenipa mwangwi wa mwanzo na wa mwisho. Ndiyo maana Zaburi za tafsiri ya *Union Version* ya mwaka 1952, zisizo na vina vya kupangwa wala mizani ya kuhesabu, husomwa na kusikika kama ushairi.

Sasa tuitazame gharama ya utenzi. Tuchukue neno moja tu, "atanihifadhi". Lina silabi sita. Kipande cha utenzi kinadai nane, hivyo mtunzi huongeza mbili: "Mola atanihifadhi". Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Lakini kina cha -dhi kimekwisha kufungwa, na vipande viwili vinavyofuata lazima vikitii: "kwa huruma nayo radhi, aniepushe maradhi". Mfano huu ni wangu, si wa Mnyampala, nao unadhihirisha shinikizo la umbo lenyewe. Maradhi yameingia ubetini kwa sababu ya sauti yao. Katika usambamba, nusu ya pili huchaguliwa na maana ya nusu ya kwanza; katika utenzi, huchaguliwa na silabi yake ya mwisho. Mtunzi hodari huificha tofauti hiyo, lakini hawezi kuiondoa.

Kwa nini basi aliuchagua? Naona jibu katika wakati wake. *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Kaluta Amri Abedi ilikuwa imetoka mwaka 1954, na vina na mizani vilikuwa ndivyo hati ya uraia katika ushairi. Kwa mtazamo huo, Zaburi iliyotafsiriwa bila vina ilikuwa bado haijawa shairi, ilisubiri kutungwa. Ajabu ni kwamba mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulipozuka miaka ya 1970, kila upande ulitafuta ushahidi mbali, ilhali ushairi usio na vina ulikuwa ukisomwa kila Jumapili makanisani kote Tanzania kwa zaidi ya miaka ishirini.

Zaburi ya 136 inaonyesha kilichokuwapo karibu zaidi. Ina aya 26, na nusu ya pili ya kila aya ni ileile. Kwenye karatasi urudiaji huo huchosha, na ninawajua wanafunzi wanaouita udhaifu wa mtindo. Lakini Bahi, kama kwingineko Ugogo, wimbo hujengwa kwa mwimbishaji anayebadilisha maneno na kundi linaloshikilia kiitikio kwa sauti zilizopangwa. Anayeujua uimbaji huo hasikii urudiaji katika Zaburi ya 136. Anasikia mgawanyo wa kazi. Utenzi hauna nafasi ya kundi hilo. Kina cha mwisho cha ubeti hurejea, lakini hurejea kama silabi, bila watu. Mnyampala, aliyeandika kitabu kizima kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, aliyafahamu mazingira ya nyimbo hizo vizuri kuliko wahakiki wake, lakini alipoifikia Zaburi aliazima umbo la pwani.