Handaki la Salaita na njia ya Ngare Nanyuki: mpango mzuri ulioshindwa na mwendo

Njia itokayo Longido, ikapita Ngare Nanyuki kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro na kuishia Boma la Ng'ombe, ilitakiwa kumaliza vita vya Afrika Mashariki mwezi Machi 1916. Haikuvimaliza. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Novemba 1918. Ili kuona wapi hesabu iliharibika, tuanzie kwenye kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta.

Salaita si kirefu, lakini kimeiziba barabara ya Voi kwenda Taveta katika nyika kavu. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walipeleka watu wapatao 6,000 dhidi ya walinzi kama 1,300 wa jeshi la Wajerumani. Mahandaki yalionekana kileleni, basi mizinga ikapiga kileleni. Walinzi hawakuwa huko. Mahandaki yao ya kweli yalikuwa chini ya kilima, yamefichwa vichakani na kuzungushiwa miiba, na pori la mbele yake limefyekwa ili risasi zipate njia. Brigedi ya Afrika Kusini, iliyokuwa mpya vitani, iliingia kwenye uwazi huo ikapigwa na kurudi ovyo. Askari wa Kihindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi ndio waliosimama kuwafunika. Hasara ilikuwa watu 172, wa Afrika Kusini wakiwa 138.

Lawama nyingi huwaendea wapelelezi, na ni haki yao: kuona handaki si kuona bunduki. Ila kulikuwa na jambo zito zaidi, maji. Jeshi la Waingereza liliishi kwa maji ya bomba kutoka Bura na kwa reli iliyokuwa ikijengwa nyuma yake. Jeshi la namna hiyo haliwezi kukizingira kilima kwa siku kadhaa likisubiri adui achoke; lisiposhinda siku hiyo hiyo, linarudi. Walinzi walilijua hilo, na handaki lao lilitegemea kiu kama lilivyotegemea bunduki za rashasha.

Jenerali Smuts alipochukua uongozi wa jeshi la Waingereza mwezi huohuo alikataa kugonga mlango uleule. Usiku wa kuamkia 8 Machi, kamanda wake van Deventer na askari wa farasi walizunguka kaskazini, upande wa Ziwa Chala. Wajerumani walipoona njia yao ya nyuma inakatika, wakakiacha kilima. Salaita ikachukuliwa tarehe 9 bila mapigano ya maana. Siku mbili baadaye somo likasahaulika: vilima vya Latema na Reata vikashambuliwa uso kwa uso, mpaka usiku, kwa hasara ya watu wapatao 270. Alfajiri ilikuta adui ameshaondoka.

Ameondoka kwenda wapi? Hapo ndipo upande wa Meru unapoingia. Jenerali Stewart alikuwa ametoka Longido tarehe 5 Machi na watu kama 4,000 ili atokee Boma la Ng'ombe na kuifunga reli ya Usambara nyuma ya Wajerumani. Alivuka mbuga isiyo na maji hadi Ngare Nanyuki, akafika Geraragua tarehe 8, kisha akapumzisha watu na wanyama, akatafuta njia penye madaraja yaliyovunjwa. Van Deventer aliingia Moshi tarehe 13. Stewart alimkuta ameshafika. Adui alikuwa ameshateremka kuelekea Kahe na mto Ruvu, na mvua za masika zikafuata.

Smuts alimwondoa Stewart. Mimi namtetea nusu. Novemba 1914 Waingereza waliishambulia Longido, nyumbu waliobeba maji yao wakatawanyika, wakalazimika kurudi mpakani. Baada ya hapo, kamanda yeyote angehofia kiu. Lakini safu inayozunguka haikutumwa kushinda mapigano. Ilitumwa kufika kwa wakati. Salama ya siku mbili ilinunuliwa kwa vita vya miaka miwili na zaidi, vilivyoendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, waliokufa kati yao hukadiriwa kuwa 95,000, wengi kwa njaa na maradhi.

Katika nchi ya Meru deni lilikuja kwa sura ya ardhi. Mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kuwa mali ya adui na kuuzwa kwa walowezi wengine. Wameru waliokuwa wamebanwa mlimani wakabaki wamebanwa. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, palepale Stewart alipopata maji, ili wazungu wafuge ng'ombe.

Lakini vita vile vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimeifanya Tanganyika nchi ya udhamini wa kimataifa, si koloni la kawaida kama Kenya. Kwa sababu hiyo, mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, aliweza kusimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa na kuishtaki Uingereza. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia Wameru ardhi yao, ila kesi hiyo iliwapa Watanganyika hoja na uzoefu miaka miwili kabla chama cha TANU hakijazaliwa. Anayepima Salaita kwa watu 172 amehesabu asubuhi moja tu.