Theluji ya Krismasi juu ya Kibo: hesabu iko kwenye saa

Wiki ya Krismasi, ukisimama stendi ya Mkuu, Rombo, asubuhi kabla mawingu hayajapanda, kilele cha Kilimanjaro kinachokujaa machoni ni Mawenzi. Kibo iko nyuma yake. Kwa Warombo wanaokula jasho la mlima, hilo linatosha kuwa taarifa ya hali ya hewa. Weupe wa Kibo haukuambii lolote kuhusu usiku uliopita, maana kule barafu ipo siku zote. Mawenzi, pamoja na mita zake 5,149, haina barafu ya kudumu. Ukiiona imekuwa nyeupe hadi mabegani, ujue theluji imeanguka usiku huohuo, na waliolala kambi ya Mawenzi Tarn kwa njia ya Rongai wameianza siku kwa kukung'uta mahema.

Desemba ni mwezi mgumu kwa sababu mambo matatu yanakuja pamoja. Vuli haijamaliza maji yake. Wageni wa Ulaya na Marekani wako likizo, na wengi wanataka kuuona mwaka mpya wakiwa kileleni Uhuru, mita 5,895. Na sisi wenyewe tunarudi kihamba, nyumbani kwetu: mabasi ya Dar es Salaam yanajaa, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria ya Moshi nayo imerudi kubeba sehemu ya msafara huo baada ya miaka mingi ya reli kukaa kimya. Kwa hiyo kijana wa Mamsera au Usseri anayebeba mizigo anaitwa na pande mbili kwa wakati mmoja, kampuni inamtaka getini na mama anamtaka nyumbani.

Upande wa Rongai unasifiwa kuwa mkavu, na sifa hiyo ni ya kweli hadi kambi ya Kikelewa. Miteremko ya kaskazini hupata mvua kidogo kuliko ile ya kusini. Lakini joto hupungua takribani nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, hivyo mvua ya kawaida huku Mkuu inaweza kuwa mvua ya barafu kambi ya Horombo na theluji kamili kambi ya Kibo Hut, mita 4,720. Tena usiku wa mwisho hauna upande mkavu. Anayetoka Rongai na anayetoka Marangu wanapanda ukuta uleule wa Kibo.

Ndugu zetu walioko Minnesota au Toronto wanaijua theluji inayokaa miezi, ya kuondolewa kwa koleo na chumvi. Yetu ni ya aina nyingine. Usiku inaganda ikawa ngumu, mchana inapigwa na jua la karibu na ikweta katika hewa nyembamba, inalainika na kuoza. Hakuna koleo mlimani na wala halihitajiki. Kinachohitajika ni kujua saa gani mguu unakanyaga nini, na hapo ndipo ufundi wote wa kazi hii ulipo.

Kikosi hutoka Kibo Hut kati ya saa tano na saa saba usiku. Wageni hudhani ni kwa ajili ya kuona jua likichomoza, na picha za Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, zinawapa haki ya kudhani hivyo. Sababu ya kwanza ni ya chini ya buti. Ukuta ule ni changarawe ya volkano. Mchana inaporomoka, unapanda hatua mbili unashuka moja. Usiku inaganda na kushikana. Theluji mpya ikiwa juu yake, baridi ya usiku huitia ganda linaloweza kubeba mtu. Sababu ya pili ni mawingu: mchana hewa yenye unyevu hupanda miteremko, mawingu yanafika juu, na theluji mara nyingi humwagika alasiri na jioni. Kufikia usiku wa manane anga hutulia.

Sasa tazama jinsi mstari unavyopangwa. Njia ya zigizaga kutoka pango la Hans Meyer kwenda juu imefutika chini ya theluji. Huoni alama ya mguu hata moja. Kiongozi aliye mbele hapandi kwa kukanyaga juu juu. Anapiga ncha ya buti ndani ya theluji mara mbili, tatu, mpaka pawe na kitako, ndipo anahamishia uzito. Msaidizi wa pili anakanyaga palepale na kupapanua. Mgeni anayefuata anakuta ngazi, na anaambiwa jambo moja tu: weka mguu kwenye shimo, usitengeneze lako. Kazi ya mbele inamaliza pumzi, kwa hiyo baada ya kona kadhaa wa mbele anakaa pembeni, anaacha mstari umpite na kurudi nyuma kabisa, ambako atawahesabu watu kwa tochi zao za kichwani. Mgeni anayelipia safari yake ya kwanza hawezi kujua kwamba ile "pole pole" anayoimbiwa ndiyo kasi ya huyu anayechonga ngazi.

Chupa za maji zinawekwa kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu maji huanza kuganda juu; asubuhi ukiigeuza, mdomo uko wazi. Ile mipira ya kunyonyea maji inayoning'inia begani huziba kwa barafu mapema, na mgeni aliyeitegemea hukaa na kiu huku amebeba lita mbili mgongoni. Betri za tochi zinakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kutoka Kibo Hut hadi Gilman's ni mita 965 za kupanda, kazi ya saa tano au sita theluji isipokuwepo. Ikiwepo, ongeza. Hapo ndipo uamuzi unapokuja, na mimi naona ndio uamuzi mkubwa kuliko yote ya safari. Kutoka Gilman's, mita 5,685, hadi Uhuru ni mwinuko wa mita 210 tu, lakini njia inazunguka ukingo wa kreta kupitia Stella Point, na theluji ikijaza ule mkondo mwembamba, mguu ukiteleza mtu anakwenda na mteremko. Kikosi kilichofika Gilman's saa mbili asubuhi, kikiongeza saa mbili za kwenda na moja na zaidi ya kurudi, kitakuwa tena palepale karibu na saa sita mchana. Ganda limekwisha kuoza. Buti linazama hadi kwenye changarawe isiyoshikana, goti linajipinda, na mawingu yanapanda kuja kukutana nao. Vyeti vya hifadhi vinatolewa pia kwa aliyeishia Gilman's au Stella, na kiongozi mwerevu hulitaja hilo jioni kabla ya kulala, mgeni akiwa bado na akili tulivu. Kulitaja mara ya kwanza juu, mbele ya mtu aliyedunduliza pesa miaka mitatu, ni kuanzisha ubishi katika hewa isiyotosha ubishi.

Hesabu hii ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1887 mpandaji Mjerumani Hans Meyer alisimamishwa na barafu ya Kibo kwa kukosa zana. Aliporudi 1889 na Ludwig Purtscheller alikuja na shoka za barafu, na pia na mpango wa chakula: kambi zilipangwa ngazi kwa ngazi, wapagazi wakipandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, akikaa nao kambi ya juu. Oktoba 3 walichonga ngazi kwenye barafu hadi ukingo wa kreta, wakaona kilele bado kiko mbali na siku imekwenda, wakashuka. Siku tatu baadaye, Oktoba 6, wakapanda kwa ngazi zilezile wakafika. Vitabu vinapenda ile siku ya pili. Kwangu mimi somo la ufundi liko kwenye ile ya kwanza: waligeuka kwa wakati, na kambi yenye chakula iliwapa nafasi ya kujaribu tena. Mgeni wa leo mwenye tiketi ya ndege ya Januari 2 hana nafasi hiyo, na ratiba yake fupi ndiyo hatari inayomzidi hata theluji.

Jikoni nako kuna shughuli. Kibo Hut haina maji. Anayekuja na Rongai anayabeba kutoka Mawenzi Tarn, akivuka lile tandiko tupu kati ya Mawenzi na Kibo, kwa njia inayopita karibu na mabaki ya ndege ndogo iliyoanguka mwaka 2008. Ukungu ukishuka juu ya theluji, mabaki hayo ni kati ya alama chache zinazobaki. Mtu atauliza kwa nini wasiyeyushe theluji. Wanaweza, ila ndoo nzima ya theluji laini inatoa maji kidogo tu, na gesi imebebwa kwa shingo. Isitoshe, kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 84 hivi, kwa hiyo wali unabaki na kiini hata ukiungojea. Mpishi mzoefu hutoa supu na uji, akamaliza.

Yote haya yanasimama juu ya miguu ya watu ambao picha za kileleni haziwaonyeshi. Mpagazi, au mgumu kama wanavyoitana, anabeba kilo 20 za kampuni na vitu vyake mwenyewe juu yake. Hapandi Uhuru, lakini analala Kibo na kuvuka theluji ileile. Nimeona soksi mbili zikitenganishwa na mfuko wa nailoni ili maji yasipenye. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko wa mkate ndio umeshika kazi hiyo. Macho ni shida nyingine: theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na mtu asiye na miwani anaweza kushinda siku na kuamkia macho yanayochoma kama yametiwa mchanga. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa Moshi mwaka 2003, huazimisha mavazi ya mlimani bila malipo, na Desemba ndipo umuhimu wake unapoonekana. Mzigo unapimwa kwa mizani. Ningetaka buti, koti na miwani vikaguliwe kwa ukali uleule kabla mtu hajapita geti la Nalemoru, mwanzo wa njia ya Rongai. Mgumu akishindwa kutembea, machela ya gurudumu moja haibiringiki kwenye theluji, na wenzake sita wanaacha mizigo kumbeba.

Kuna neno moja la kuitetea theluji. Barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912; karne moja baadaye zilibaki pungufu ya 2. Theluji mpya ni nyeupe kuliko barafu kuukuu yenye vumbi, inarudisha jua na kuilinda kwa muda. Desemba inayomtesa mgumu inaipa barafu nafuu.

Safari ya Rongai hushukia Marangu. Gari la kampuni linaendelea Moshi kurudisha mahema, na vifaa vya kuazima vinatakiwa vifike hukohuko. Mtu wa Rombo anayeshuka Desemba 31 anatelemka Marangu Mtoni, anatafuta gari la Mwika kwenda Mkuu, na mabuti anamkabidhi mwenzake wa Moshi, maana kuna kikosi kingine kinayahitaji kabla ya mbuzi wa mwaka mpya kuisha.