Jinsi ya kumpima mwanamuziki wa Bukavu

Mjini Bukavu ni vigumu mwanamuziki kuishi kwa kazi ya aina moja. Mtu yuleyule anayepiga gitaa la solo Ijumaa usiku katika baa ya Nyawera, Jumamosi utamkuta na kinanda kwenye harusi kule Nguba, Jumapili anaongoza kwaya Kadutu, na siku za kazi yumo studio akiwapangia vijana muziki wao. Kati ya hayo kuna doti, yaani sherehe za mahari, kuna matanga, kuna shirika linalotaka wimbo wa kampeni ya chanjo. Kwa hiyo kumsifu mtu kwamba anajua vyombo vitano hakutoshi; hapa wanaogusa vyombo vitano ni wengi. Tunachotaka kujua ni nani kati yao ameiva.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja, na vingine vyote vinatoka humo: msikilize mwanamuziki anapomtumikia mwingine. Akiwa mbele peke yake, hata msikilizaji mgeni anaweza kumhukumu. Ufundi wa kazi hujulikana akishika nafasi ndogo, nyuma ya sauti ya mtu, ndani ya shughuli isiyo yake.

Anza na wasindikizaji

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, imejengwa juu ya mgawanyo wa kazi. Kuna gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na katikati ya solo na ridhimu, mi-solo. Wasikilizaji wengi hukimbilia solo. Wewe mtafute mi-solo kwanza. Yeye anapiga kipande kifupi cha noti chache kinachojirudia na kujaza nafasi ambazo solo anaziacha. Akipiga vizuri si rahisi kumtambua, lakini akinyamaza wimbo mzima unakonda.

Wakati wa beti, subiri mwimbaji avute pumzi. Fundi huingia kwenye pengo hilo na kutoka kabla ya neno la kwanza kurudi. Asiyeiva hupita juu ya neno. Kisha ngojea sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Mpiga ngoma anatoa ishara kwenye snea, atalaku, yule mwitaji wa kuwachangamsha wachezaji, anaanza kuita, na hapo wengi huongeza sauti ya amplifaya. Fundi hukaza kipande chake tu: noti zilezile, mkono mwepesi zaidi, hakuna hata moja inayochelewa. Halafu ishukie besi, usikilize mahali isipopiga. Besi nzuri ya sebene haijazi kila pigo, bali inaruka na kuacha nafasi ambamo ngoma na miguu ya wachezaji huingia.

Umeme ukikatika, usiondoke. Mabwawa ya umeme ya Ruzizi yako mlangoni mwetu, lakini giza bado tunalijua. Bendi iliyozoea kusikilizana huendelea kwa ngoma na sauti hadi jenereta iwake, na anayeshikilia wimbo dakika hizo ndiye kiongozi wa kweli, hata kama jina lake halipo kwenye bango.

Mtihani wa Jumapili

Hakuna mahali panapomvua mpiga kinanda kama kanisani, hasa katika makanisa ya Kipentekoste kama yale ya CEPAC. Katikati ya maombi mama mmoja anainuka na kuanzisha wimbo bila kungoja chombo chochote, kwa sauti iliyo kati ya noti mbili za kinanda. Mpigaji ana mstari mmoja tu wa kutafuta toni. Yule mchanga hubonyeza akordi kwa nguvu, moja, ya pili, ya tatu, na waumini wanayumba pamoja naye. Fundi hupunguza sauti kwanza. Mkono wa kushoto unagusa noti moja ya chini, kwa upole kiasi kwamba benchi la mbele tu ndilo linalosikia. Akiona yule mama hajatulia, humwachia mpiga ngoma ashike mwendo, naye huingia kwenye kiitikio, pale umati unapoimba pamoja na sauti ya mwanzilishi inapovutwa mahali pake. Wimbo ukipanda kwa joto la ibada, naye hupanda nao.

Vinanda vya siku hizi vina kitufe cha kuhamisha toni, na kukitumia si dhambi. Lakini aliyekifanya gongo la kutembelea utamwona akipotea siku wimbo unapobadilika katikati.

Kwa mwalimu wa kwaya, iwe Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix au parokia ndogo ya Bagira, sikiliza sauti ya alto. Soprano wana melodi na besi wana msingi wa akordi, kwa hiyo alto ndio wanaobaki na makombo. Mwalimu mvivu huwapa noti moja waikalie beti nzima. Mwalimu anayejua kupanga sauti huwapa njia yao wenyewe, inayoweza kuimbwa peke yake ikapendeza.

Lugha huamua melodi

Msanii wa Bukavu huimba Kiswahili, Lingala, Kifaransa na Mashi, mara nyingi katika onyesho moja. Watu humpigia makofi kwa hilo, lakini hesabu ya lugha isikupumbaze. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi inaweza kupanda na kushuka itakavyo mradi mkazo ukae mahali pake. Mashi haitoi uhuru huo. Humo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na melodi ikienda kinyume, neno linapinda, wakati mwingine hadi maana inapotea. Anayechukua melodi ya Kiswahili na kuibandikia maneno ya Mashi kama yalivyo, wazee wa Kabare na Walungu watamjua mstari wa kwanza. Fundi hutunga upya: anayasema maneno polepole, anasikia yanakoelekea, halafu melodi inayafuata.

Heshima hiyo hiyo idai kwa vyombo vya Bashi, wenye lugha hiyo ya Mashi. Lulanga ni zeze la ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, lenye uzi mmoja uliopitishwa huku na huku hadi ukawa nyuzi kadhaa. Mulizi ni filimbi inayopulizwa nchani. Alan Merriam, mtafiti wa Marekani aliyerekodi muziki wa Kivu mwaka 1951 na 1952, aliiandikia makala nzima mwaka 1957. Wengi leo hupenda kuviingiza studio viwe pambo la asili. Sikiliza nani amemfuata mwenzake. Lulanga ina mpangilio wake wa noti, usiolingana na wa kinanda. Mpangaji asiyejali huizamisha chini ya akordi. Anayejali huondoa kinanda sehemu hiyo, au huacha noti mbili tatu zinazokubaliana nayo, na lulanga ikasikika kama ilivyo.

Studio na sauti ya mtu mwingine

Katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, kuna kazi ya muziki ninayoiheshimu kuliko nyingi. Kwenye programu ya Healing in Harmony, manusura wa ukatili hutunga nyimbo zao pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki, kisha wanazirekodi. Hapo mtayarishaji ana sauti isiyofunzwa, inayoyumba, iliyobeba jambo zito. Mashine yake inaweza kuinyoosha mpaka ifanane na sauti zote za redioni. Kupima kazi ya namna hii jiulize: je, ninamsikia mtu huyu au ninasikia mashine? Mapigo yakae nyuma, gitaa lifuate pumzi yake, na penye kusita pabaki. Kipimo hicho kinafaa kwa studio yoyote mjini.

Sikiliza pia mabanga, yale majina ya wafadhili yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Ni riziki, na simlaumu msanii. Lakini mtunzi mwenye hadhi huyapangia mahali, hasa ndani ya sebene, yakaingia kwa mdundo. Majina yakianza kukatiza beti, wimbo umeuzwa.

Angalia miaka, usiangalie msimu

Umaarufu wa mwaka mmoja hausemi mengi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947, na Kivu ya zamani ambayo mji mkuu wake ulikuwa Bukavu ilikuwa na Maniema ndani yake hadi ilipogawanywa mwaka 1988. Alipiga ngoma na gitaa kabla ya kujulikana kwa utunzi na uimbaji. Mwaka 1978 akaingia Orchestra Makassy mjini Dar es Salaam, kisha akaiongoza Super Matimila, na mwishoni mwa maisha yake aliimba nyimbo za injili, hadi alipofariki Desemba 2010. Chombo kilibadilika, mji ukabadilika, hata mimbari ikabadilika, lakini alibaki kumwimbia mtu wa chini kwa Kiswahili anachokielewa. Samba Mapangala naye alitoka Matadi, akapitia Uganda, akafika Nairobi na kuunda Orchestra Virunga, akiimba Lingala na Kiswahili bila kuonekana mgeni katika lugha yoyote. Wenye uwezo mwingi wanaodumu huwa na kiini kimoja wasichokiacha. Kitafute kwa kila unayempima. Usipokiona, una mtu mwenye vyombo vingi tu.

Uwezo huo mwingi pia ni ngao. Februari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafunga milango, aliyetegemea onyesho la usiku peke yake alikuwa hatarini kuliko aliyekuwa na kwaya na wanafunzi. Lakini tazama kama wanafunzi hao wanakua. Fundi wa kweli ana kijana anayempa mi-solo leo na solo mwaka ujao.

Kabla ya kumwajiri

Kama unatafuta mtu wa harusi au wa kurekodi, usitosheke na video. Nenda mazoezini, siyo kwenye onyesho. Fika mapema uone anavyolinganisha nyuzi: je, huwasikiliza wenzake, au hujilinganisha peke yake na simu? Mwombe asindikize mwimbaji asiyemjua, wimbo asiouchagua. Halafu waulize wanamuziki watatu wa mjini, kila mmoja peke yake: ukiugua Jumamosi, unamtuma nani? Watu huwasifu marafiki hadharani, lakini nafasi yao ya kazi humpa wanayemwamini. Jina likijirudia, mlipe anachodai.