Ihefu kwenda Singida: kosa lilianzia kwenye ramani

Sizungushi maneno. Kuitoa timu ya Ihefu Ubaruku, Mbarali, na kuipeleka uwanja wa Liti, Singida, msimu wa 2023/24 ukiwa katikati, ni uamuzi mbovu. Mwenye timu ni mwenye timu, na Singida nao wanapenda mpira, hilo silikatai. Ila ligi ya timu 16 ina mechi 30, na nyumbani unacheza 15 tu. Mtu wa Mbarali aliyesubiri mwaka mzima kuletewa hizo 15 akakatiwa njiani, kama mpunga uliofungiwa maji ukiwa unachanua. Msimu uliofuata hata jina likaondoka: Singida Black Stars. Ihefu, jina la ardhi oevu ya Usangu, halimo tena kwenye msimamo.

Mliona wenyewe Novemba 29, 2022. Yanga wametua Highland Estates na mechi 49 bila kufungwa. Bangala akawatanguliza, Tigere wa Ihefu akasawazisha kwa faulo, Lenny Kissu akamaliza kazi. Oktoba 4, 2023 wakarudi, wakala 2-1 ileile. Timu yenye ngome ya namna hiyo unaihamishaje?

Kuufikisha uwanja wa shambani hadi kupokea Ligi Kuu kulifanyika vizuri, hongera kwa waliohusika.

Ila uwanja unaitwa Highland Estates, jina la shamba, na timu ilikuwa na wenyewe. Umma ulikuwa na nini pale zaidi ya tiketi? Hapa ndipo wapangaji wa halmashauri zetu wanaponichosha, si wa Mbarali peke yao. Wanapiga hesabu ya siku 15 za ligi, wanasahau 350 zilizobaki: watoto wa shule, akina dada wa netiboli, bonanza la bodaboda.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukiongeza nafasi za pembeni, unakula kama hekta moja, yaani ekari mbili na nusu. Ongeza nusu ekari, netiboli ya mita 30.5 kwa 15.25 inakaa na wavu wa voliboli unapata pa kusimama. Ekari tatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kuzitenga. Tatizo, kwenye bonde la mpunga ekari tatu ni magunia, kwa hiyo mpira unasukumiwa kwenye kipande ambacho hata mpunga umekikataa.

Kisha udongo. Mfinyanzi mweusi unaoshika maji ndio raha ya mkulima, na ndio balaa la beki wa kati mwezi Machi. Katikati ya uwanja lazima painuliwe kidogo, maji yashuke pembeni kwenye mifereji. Hilo hufanywa kabla ya kupanda nyasi, si baada ya mechi kuahirishwa.

Mtanisamehe, nalirudia lile langu: Sokoine ya Mbeya na Samora ya Iringa ni viwanja vya CCM mpaka leo, wakati enzi za chama kimoja jasho lilikuwa la kila mtu. Halmashauri iliyozoea kuazima uwanja wa chama haishtuki kuazima wa shamba.

Turudi kwenye jina: Tukuyu Stars wa Mbeya walitwaa ubingwa wa ligi 1986. Baadaye walishuka, wakafifia, lakini hakuna aliyewaita jina la mkoa mwingine. Prisons nao bado ni wa Mbeya.

Kwa hiyo wakitangaza timu nyingine Ubaruku, mimi sitauliza kocha ni nani. Nitauliza ekari tatu ziko wapi kwenye ramani ya kijiji, zimesajiliwa kwa nani, na magoli yameelekea kaskazini na kusini au kipa ataendelea kudaka jua saa kumi na moja jioni.