Mradi wa Kuanzia Unaojua Kukataa

Kupata mradi wa kuanzia wa TypeScript ni kazi ya amri moja. Andika npm create vite@latest kwenye terminali, chagua React na TypeScript, sakinisha vifurushi, na mara ukurasa wenye kitufe cha kuhesabu mibofyo unafunguka kwenye kivinjari, mlango wa 5173. Kila mtu hufika hapo, kwa hiyo kufika hapo hakuthibitishi ubora wowote. Ninapopewa mradi niukague, swali langu la kwanza ni hili: anayeuandika akikosea, nani atamzuia, na atamzuia mapema kiasi gani? Mradi mzuri ni ule unaojua kukataa.

Basi ukaguzi uanze kwa kuuvunja. Fungua App.tsx, tangaza thamani ya aina ya namba, kisha ipe maneno. Kihariri kitapiga mstari mwekundu. Sasa hifadhi faili uangalie kivinjari: ukurasa unaendelea kama kawaida. Wengi hushangaa hapa, lakini ndivyo Vite ilivyoundwa tangu Evan You alipoitoa mwaka 2020. Sehemu ya kasi yake inatokana na kutokagua aina kabisa. Inaziondoa tu na kukipa kivinjari JavaScript iliyobaki. Mlinzi yuko kwingine, kwenye faili la package.json, katika mstari wa build unaosomeka "tsc -b && vite build". Maana yake ni kwamba tsc ikague kwanza, na ikipata kosa, ujenzi usiendelee. Huo ndio mstari ninaousoma kabla ya mingine yote. Muda wa kukabidhi kazi ukibana, kuna watu wanaofuta nusu yake ya kwanza ili programu itoke, na kuanzia siku hiyo aina zote zilizoandikwa mle ndani hubaki pambo. Mradi ulioandaliwa vizuri hauuachii mstari huo peke yake: ukaguzi uleule hufanyika tena kwenye seva kila mtu anapotaka kuingiza kazi yake kwenye tawi kuu la Git.

Kisha nenda kwenye tsconfig, faili la mipangilio ya TypeScript. TypeScript ilitangazwa na Microsoft mwaka 2012, ikiongozwa na Anders Hejlsberg, aliyekwisha kutengeneza Turbo Pascal na kuongoza usanifu wa C#. Lengo lilikuwa msimbo wa JavaScript uliokuwepo uweze kuhamia pole pole, bila kuandikwa upya. Kwa sababu hiyo lugha ilipewa ulegevu wa makusudi, na waundaji wake waliandika wazi kwamba hawalengi mfumo wa aina usio na mwanya. Mwandaaji wa mradi ndiye anayeamua kamba ikazwe kiasi gani, na wakati wa kukaza ni kabla msimbo haujaandikwa. Kuwasha "strict" siku ya kwanza hakugharimu chochote. Ukiiwasha baada ya mwaka wa kazi, utakabiliwa na lundo la makosa ambalo hakuna mkuu wa kazi atakayekupa muda wa kulimaliza.

Ndani ya "strict" mna ukaguzi wa null, na huo peke yake unatosha kuitetea. Tony Hoare, aliyebuni rejeo la null mwaka 1965, alisema hadharani mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Lakini jicho la mjuzi hutafuta kitu kilicho nje ya "strict": noUncheckedIndexedAccess, iliyokuja na toleo la 4.1 mwaka 2020. Bila hiyo, ukiomba bidhaa ya kwanza kwenye orodha tupu, TypeScript inakuhakikishia kwamba umepata bidhaa, ilhali mkononi huna kitu. Ukiiwasha, inakulazimisha uulize kwanza kama ipo. Wapo wanaolalamika kwamba inachosha. Mimi naona uchovu huo una thamani, kwa sababu orodha tupu ni jambo la kila siku: duka jipya halina bidhaa, na mteja mpya hana oda.

Ukali huo usigeuke ushupavu. Kwenye main.tsx ya kiolezo cha Vite utakuta alama ya mshangao baada ya getElementById('root'), yaani mwandishi anaiambia kompaila imwamini kwamba kipengele hicho kipo. Pale inakubalika, maana index.html yenye kipengele hicho imo kwenye mradi uleule na unaweza kuifungua ukajionea. Alama hiyohiyo ikiwekwa kwenye jibu lililotoka kwenye seva ya mtu mwingine, ni ahadi isiyo na mdhamini.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Jahazi la mbao nzuri huingiza maji palipokosa kalafati, na programu yenye aina huvuja hapohapo penye maungio: data inapoingia kutoka nje. JSON.parse hurudisha "any", yaani kitu ambacho kompaila imekubali kutokikagua. Jibu la fetch likisomwa kwa json() huwa vilevile. Mwandishi akiongeza "as Bidhaa" mbele yake, mistari myekundu yote inatoweka na kila mtu anaridhika. Chukua duka linalouza kwa shilingi. Aina inasema bei ni namba, lakini seva imeituma kama maneno, "15000". Mteja anaongezewa nauli ya 500. JavaScript haijumlishi, inaunganisha, na skrini inaonyesha 15000500: milioni kumi na tano na mia tano. tsc haikuona kosa, kwa sababu iliambiwa uongo ikauamini. Kuna na kosa la upande wa pili, namba ya simu kutangazwa kuwa namba. Inayoanza na 0754 hupoteza sifuri yake, na ujumbe wa malipo haumfikii mwenyewe. Simu ni maneno hata kama yote ni tarakimu.

Kwa hiyo katika mradi wa kuanzia natafuta sehemu moja, hata kama ni faili moja dogo, ambamo data ya nje inapokewa ikiwa "unknown" na kukaguliwa programu inapokimbia kabla ya kupewa aina. Maktaba ya Zod hufanya kazi hiyo vizuri: unaeleza umbo la data mara moja, na kutokana na maelezo hayo unapata ukaguzi na aina pamoja, hivyo viwili hivyo haviwezi kupishana. Mfano huo ukiwepo tangu mwanzo, anayekuja baadaye atauiga. Usipokuwepo, ataiga "as".

Kuhusu vifurushi, pendelea uchache. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu, na ujenzi wa miradi mingi duniani ukakwama, ikiwemo iliyotegemea Babel. Kila jina kwenye package.json liwe na sababu inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja. package-lock.json iwe ndani ya Git, na seva itumie npm ci, ambayo husakinisha matoleo yaleyale yaliyofungwa na hugoma mafaili hayo mawili yakitofautiana. Angalia pia umri wa zana zenyewe. Create React App ya Facebook ilianza mwaka 2016 na kufundisha kizazi kizima, lakini mwaka 2025 timu ya React ilitangaza kwamba isitumike tena kwa miradi mipya. Kiolezo kinachoitegemea leo kimepitwa, hata kikipendeza namna gani.

ESLint iwepo, na iwe imeunganishwa na aina, ili ikamate ahadi (Promise) isiyosubiriwa kwa await. README ya kiolezo cha Vite yenyewe inashauri hivyo kwa programu za kazini. Folda za utils, helpers na common zisizo na kitu ndani zifutwe. Siri isikae kwenye kigezo kinachoanza na VITE_, kwa kuwa kila kilichopewa kiambishi hicho na kutumika kwenye msimbo huingia kwenye faili linalopelekwa kwa kila mgeni, na yeyote anaweza kulifungua akaisoma.

Mwisho, mpe mwenzako ambaye hajawahi kuuona mradi huo. Aupakue kwenye kompyuta yake, afuate README bila kukuuliza neno, aendeshe npm ci na npm run build. Halafu abadilishe jina la sehemu moja ndani ya aina ya Bidhaa, tuseme bei iwe beiYaRejareja, aendeshe ujenzi tena. Ukaguzi ukimtajia kila faili na kila mstari ulioguswa na badiliko hilo, mradi upo tayari kupokea kazi. Ukijengeka kimya, rudi kwenye package.json na utafute "as" na "any" moja baada ya nyingine.