Nyanyua Chungu Kwanza

Ua la ndani likinyauka, mkono hukimbilia jagi la maji. Hapo ndipo wengi wanapoliua. Mizizi nayo hupumua: huvuta oksijeni iliyomo kwenye vitundu vya udongo, na vitundu hivyo vikijaa maji siku nyingi, mizizi huoza. Mzizi uliooza haunyonyi kitu, kwa hiyo majani hulegea kwa kiu huku udongo ni tope. Mwenye ua anaongeza maji.

Kipimo ninachokiamini ni uzito. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, yaache yachuruzike, kisha nyanyua chungu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ikipungua hata robo yake, mkono uliozoea unajua. Kidole nacho kinafaa, ila kizamishe hadi kiungo cha pili, maana udongo wa juu hukaushwa mapema na feni wakati chini bado ni chepechepe.

Kuna hila ambayo uzito huifichua upesi. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kupita kiasi hukataa maji. Hayo hupita pembeni mwa chungu na kuishia kwenye kisahani. Kisahani kimejaa, chungu bado chepesi. Weka chungu ndani ya beseni la maji kama nusu saa, kinywe kutokea chini, kisha kitoe kichuruzike.

Ratiba ya kumwagilia kila Jumatano na Jumamosi basi haina kazi, na mimea miwili ya kwetu inatosha kuonyesha. Saintpaulia, ua dogo la zambarau kutoka Usambara lililopewa jina la kisayansi mwaka 1893, lina mizizi myembamba isiyo na akiba. Chungu kikianza tu kuwa chepesi, lipe maji. Zamioculcas, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa unaopamba mapokezi ya benki, asili yake ni Kenya hadi Afrika Kusini, na chini ya udongo una mashina manene kama viazi yanayohifadhi maji. Huo uache mpaka chungu kikauke kabisa, kisha usubiri tena siku kadhaa. Ofisini hausubiriwi: mfagizi anaumwagilia asubuhi, mlinzi jioni, na wageni wanamalizia chupa zao humo humo.