Bibi Haki Amesinzia

Mwaka 1941 José Clemente Orozco, mchoraji aliyepoteza mkono wa kushoto kwa baruti angali kijana, alipewa kuta za jengo jipya la Mahakama ya Juu ya Meksiko. Aliyetarajia mizani na upanga ulionyooka aliambulia patupu. Orozco alimchora Bibi Haki amesinzia kitini, upanga umemlegea mkononi, huku majambazi waliofunika nyuso wakifanya yao. Wenye majoho hawakufurahi.

Mimi namhusudu zaidi fundi wa kuitunza kejeli ya namna hiyo. Mchoro huo umo ndani ya ukuta, si juu yake: rangi ya maji hupakwa kwenye lipu ya chokaa ikingali mbichi, chokaa hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka jiwe, rangi ikabaki imefungwa humo. Kwa hiyo adui hutokea nyuma. Unyevu hupanda na chumvi, nayo chumvi huganda chini ya rangi na kuibandua. Tena jiji lenyewe limekaa juu ya tope la ziwa la kale; linadidimia, na tetemeko la 1985 halikubisha hodi.

Fundi huanza kwa sikio. Hugonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Pakilia kama debe tupu, lipu imeachia. Hapo hubandika karatasi laini ya Kijapani juu ya rangi isidondoke, kisha kwa bomba la sindano huingiza uji wa chokaa nyuma yake, kidogo kidogo. Masizi huyatoa kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, na mara nyingine dawa yake ni mate. Usicheke: mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu.

Adabu ya kazi huonekana penye pengo. Tangu miaka ya 1940, mafundi wa Roma waliofuata mawazo ya Cesare Brandi hulijaza kwa vistari vyembamba vya wima. Ukiwa mbali jicho huviunganisha. Ukisogea unaona kwamba hapa mkono ni mwingine. Mtu awezaye kuiga kila kitu amekataa kudanganya! Wala hamnyooshei Bibi Haki upanga wake, hata kama anayemlipa angependa.

Kuta za kale za Lamu na Unguja nazo ni za chokaa. Anayezipiga lipu ya saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huanza kumomonyoka. Kabla hujamwita fundi wa saruji, mtafute anayeijua chokaa.